Majani ya rasiberi yakigeuka manjano, tazama kwanza yameanzia wapi

*Swali: Hujambo mtaalamu. Nina miche 300 ya rasiberi hapa Limuru, iko mwaka wa pili. Majani yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Jirani aliniambia ni upungufu wa chuma, nikanunua mbolea ya chuma ya kunyunyizia majani na nimeinyunyiza mara tatu. Safu iliyo karibu na jikoni ilirudi kijani kwa wiki mbili hivi, kisha majani mapya yakatoka karibu meupe. Safu nyingine hazikubadilika hata kidogo, na huko ni majani ya chini yaliyoharibika. Tena kuna matunda yanayomeguka vipande nikiyachuma. Nilipanda kwa samadi ya mbuzi, naweka CAN, mbolea ya naitrojeni, mara mbili kwa mwaka, na majivu ya jikoni ndoo moja kila baada ya wiki mbili. Ni kirutubisho gani kinachokosekana, na ninunue nini?*

Dada yangu, barua yako imenifurahisha kwa sababu hukusema tu kwamba majani ni ya manjano. Umenieleza ni majani gani, katika safu ipi, na kilichotokea baada ya kunyunyiza. Mara nyingi ninaletewa picha ya jani moja lililokwisha kuchumwa, limelazwa juu ya meza. Jani la namna hiyo halionyeshi lilikuwa limekaa wapi kwenye mmea, na kwa rasiberi mahali lilipokaa ndipo penye nusu ya jibu.

Nikwambie mapema ninavyoona. Majani yako yana matatizo mawili, si moja. Katika safu nyingi mimea imekosa magnesiamu. Katika safu ya jikoni imekosa chuma. Yote mawili, kwa maoni yangu, yametoka katika ndoo ile ile ya majivu. Matunda yanayomeguka ni jambo la tatu, na hilo nitalifikia baadaye kwa sababu huenda halihusiani na mbolea hata kidogo.

Usishangae nikisema chuma kimekosekana Limuru. Najua udongo wenu ni mwekundu, na wekundu huo ni wa chuma chenyewe. Ardhini kimejaa. Kisichokuwepo ni njia ya kukifikisha kwenye jani. Naomba hilo ulishike kabla hatujaendelea, kwa sababu ndilo linalowapotezea wakulima pesa nyingi: jani haliripoti kilichomo udongoni, linaripoti kilicholifikia. Kati ya udongo na jani pana mizizi, pana maji, pana uchachu wa udongo, na pana virutubisho vingine vinavyogombea mlango mmoja. Ukinunua chupa kwa kufuata rangi ya jani peke yake, unaweza kuongeza kitu ambacho tayari unacho tele.

Sasa njoo tutazame mmea. Mizizi ya rasiberi hudumu miaka mingi, lakini zile fito zinazochipuka kutoka chini huishi miaka miwili tu. Ufito hukua mwaka wa kwanza, huzaa wa pili, hukauka. Aina kama Heritage, iliyotolewa Geneva, New York, mwaka 1969, huzaa hata kwenye ncha ya ufito wa mwaka huo huo, kisha sehemu ya chini huzaa msimu unaofuata. Kwa hiyo ndani ya safu moja una fito changa zinazopanda na fito kuukuu zinazoaga. Majani ya ufito uliomaliza kuzaa hugeuka manjano, hupata madoa, hupukutika, na hapo hakuna ugonjwa wala njaa. Nimewakuta watu wakiyanyunyizia dawa majani hayo kwa bidii, na huku fito changa kando yake ni kijani kibichi. Ukitaka kujua hali ya mimea yako, tazama ufito mchanga tu, ule ambao haujazaa.

Kwenye ufito huo mchanga, uliza swali moja kabla ya mengine yote: umanjano ulianza chini au juu?

Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ni virutubisho vinavyohama. Vikipungua, mmea huvichomoa katika majani ya zamani na kuvipeleka kwenye ncha inayokua, ndiyo maana majani ya chini huumia kwanza. Chuma, manganizi, kalsiamu na boroni havihami, au huhama kwa shida sana. Vikishakaa kwenye jani vimekaa. Vikikatika, jani la zamani hubaki zuri na lile jipya ndilo linalozaliwa na njaa. Jirani yako aliona jani la manjano lenye mishipa ya kijani, akasema chuma. Hakukosea alama, kwa sababu magnesiamu nayo hutoa picha inayofanana sana na hiyo. Alikosea ghorofa.

Umesema kwenye safu nyingi majani ya chini ndiyo yaliyoharibika. Nenda kesho asubuhi ukalitazame moja kwa makini. Magnesiamu ikipungua kwenye rasiberi, umanjano huanzia katikati ya jani, kati ya mshipa na mshipa, na ukingo mara nyingi hubaki na utepe wa kijani. Baadaye sehemu zile za manjano huweza kuwa nyekundu au zambarau, kisha hudhurungi, na jani hudondoka kabla ya wakati wake. Ukikuta picha hiyo, naona tumepata jibu. Ukikuta kinyume chake, yaani ukingo wa jani ndio uliokauka kama umepitishwa motoni, huo ni upungufu wa potasiamu. Kwa mtu anayemwaga majivu kila wiki mbili sitarajii kuona hilo.

Na hapa ndipo penye kiini cha jibu langu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Majivu ya kuni ni mbolea ya kweli, wazee hawakukosea kuyatumia. Yana kalsiamu nyingi, yana potasiamu, mara nyingi kati ya asilimia 3 na 7, na yana magnesiamu kidogo. Tatizo ni kiasi. Ndoo ya lita 20 ya majivu makavu hubeba kilo 8 hivi. Ndoo moja kila wiki mbili kwa miaka miwili ni ndoo 50 na ushei, tuseme kilo 400. Hata nikichukua makadirio ya chini ya asilimia 4, umemwaga kilo 16 za potasiamu. Miche 300 ikiwa umeipanda kwa nusu mita na safu ziko mita mbili na nusu, shamba lako ni kama mita za mraba 400. Ukilinganisha na hekta, hiyo ni kilo 400 za potasiamu, kilo 200 kwa kila mwaka. Hizo ni nyingi hata kwa shamba la rasiberi ambalo udongo wake umepimwa na kukutwa maskini wa potasiamu. Na sijahesabu samadi ya mbuzi, ambayo nayo ina potasiamu ya kutosha.

Potasiamu na magnesiamu huingia mizizini kwa kushindana. Potasiamu ikiwa nyingi mno udongoni, mzizi huinywa kwa pupa na magnesiamu hubaki nje, hata kama ipo. Kalsiamu ya majivu nayo husaidia kuisukuma pembeni. Magnesiamu ndiyo iliyo katikati ya kila chembe ya klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Ikikosekana jani haliwezi kubaki kijani, na mmea ukiona hivyo unaibomoa klorofili ya majani ya chini ili ya juu yapate.

Kwa hiyo mbolea ya chuma isingeweza kusaidia safu hizo hata ungenyunyiza mara kumi. Uliwapa maji wenye njaa.

Safu ya jikoni ni hadithi nyingine ya majivu yale yale. Nadhani, na unisahihishe kama si hivyo, kwamba ndoo huanzia hapo, na siku za mvua au za haraka huishia hapo hapo. Majivu hupunguza uchachu wa udongo kama chokaa. Rasiberi hupenda udongo wenye uchachu wa kadiri, pH kati ya 5.6 na 6.5 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi). Limuru ni nchi ya chai tangu ilipopandwa hapo mara ya kwanza mwaka 1903, na chai hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5. Kwa hiyo udongo wenu kwa asili ni mchachu kuliko rasiberi inavyotaka, na majivu kiasi yaliusaidia. Lakini panapomwagwa zaidi, pH hupanda ikapita 7, na hapo chuma hujifunga katika umbo ambalo mzizi hauwezi kulinywa. Ndipo majani ya juu kabisa yanapotoka ya manjano, kisha yakawa karibu meupe, huku mishipa yake ikichora wavu mwembamba wa kijani. Chuma hakimo ndani ya klorofili yenyewe, lakini bila chuma mmea hauwezi kuitengeneza.

Ile habari ya wiki mbili ndiyo iliyonishawishi. Ulinyunyiza chuma, majani yaliyokuwepo yakakinywa na kurudi kijani. Yaliyochipuka baadaye hayakukutana na dawa yako, na kwa kuwa chuma hakihami kutoka jani hili kwenda lile, yakazaliwa meupe. Hivyo hasa ndivyo upungufu wa chuma unavyojibu. Jirani yako alisema kweli juu ya safu moja, na huenda ndiyo pekee aliyoiona.

Kabla hujaamini maneno yangu, fukua. Sisemi hivi kwa unyenyekevu. Miaka mingi iliyopita, huko Kinangop, nilisimama mbele ya safu ya rasiberi zenye majani meupe juu na nikasema chuma bila kuinama. Mkulima akanunua, akanyunyiza msimu mzima. Zilikuwa zimesimama kwenye maji. Mzizi uliokosa hewa haunywi chuma wala kitu kingine chochote, na udongo uliotuama maji hukaribisha ugonjwa wa kuoza mizizi uitwao faitofthora, ambao rasiberi haiuwezi. Zilikufa zote sehemu ya chini ya mteremko. Ningechimba kwa jembe dakika tano ningejua. Kwa hiyo chukua jembe uma, fukua kando ya mche mmoja mgonjwa hadi kina cha sentimita 30, ambapo ndipo mizizi mingi ya rasiberi hukaa, na ukwangue mzizi kwa kucha. Ndani ukiwa mweupe, mshukuru Mungu na uendelee kusoma. Ukiwa wa hudhurungi au mwekundu kama tofali, na udongo unanuka uvundo, niandikie upya, kwa sababu hapo hakuna mbolea itakayosaidia. Fanya hivyo hasa kwenye safu ya jikoni, maana maji ya kuoshea vyombo nayo mara nyingi huelekezwa huko.

Na geuza majani pia, utazame mgongo wake. Utitiri mwekundu hufyonza jani likawa na vidoto vya manjano na baadaye kuonekana kama limepauka, hasa miezi ya ukame ya Januari na Februari. Utaona utando mwembamba na wadudu wadogo kama punje za vumbi zinazotembea. Huo si upungufu wa kirutubisho.

Sasa la kufanya. Kwanza, acha majivu. Yapeleke kwenye sukuma wiki na kabichi, huko yatapokelewa vizuri, ila uyatawanye. Usiweke chokaa ya aina yoyote mpaka udongo umepimwa. Duka la agroveti litakushauri dolomaiti, kwa kuwa ni chokaa yenye magnesiamu, na kwa udongo mchachu ambao haujaguswa ushauri huo ni mzuri. Kwako wewe utaongeza kalsiamu na kupandisha pH ambayo tayari imepanda.

Pili, nunua magnesiamu salfeti, ile chumvi ya Epsom, ya daraja la kilimo. Yeyusha gramu 20 kwa kila lita ya maji, yaani gramu 400 kwa pampu ya lita 20, na unyunyize majani jioni au siku ya mawingu, juu na chini ya jani, mara mbili au tatu kwa nafasi ya wiki mbili. Haibadilishi pH ya udongo, na ndiyo sababu naipendelea hapa. Lakini usinyunyize shamba zima mara ya kwanza. Chagua mimea kumi inayofanana katika safu moja, funga utepe kwenye mitano, nyunyiza hiyo mitano peke yake. Usitegemee majani yaliyokwisha kuwa mekundu kurudi kijani, hayo yamekwenda. Tazama yale ya katikati, kama umanjano umesimama usipande juu. Baada ya mwezi tofauti ikionekana kati ya mitano na mitano, unajua kwa macho yako mwenyewe, si kwa kuniamini mimi wala mwenye duka.

Tatu, kwenye safu ya jikoni, ukitaka kunyunyiza chuma endelea, lakini ujue ni plasta juu ya kidonda. Dawa ya kweli ni kushusha pH taratibu: acha majivu, weka mboji iliyooza sawasawa, funika udongo kwa majani makavu au vipande vya mbao, na kipimo kikithibitisha kwamba pH imepita 7, tia unga wa salfa. Salfa hufanya kazi kwa miezi kwa sababu bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza kuwa tindikali. Ukilazimika kuweka chuma ardhini wakati unasubiri, soma paketi. Chuma kilichofungwa kwa EDTA, kemikali inayokishika ili mzizi uweze kukinywa, hakidumu pH ikipita 6 na ushei, kwa hiyo kwenye safu hiyo utakuwa umetupa pesa. Tafuta kilichofungwa kwa kemikali nyingine, yenye herufi EDDHA. Ni ghali zaidi, na huacha maji mekundu kama damu, lakini hustahimili pH ya juu.

Naitrojeni sitaki niipite kimya, ingawa sidhani ndiyo inayokusumbua. Upungufu wake hauchori mishipa. Jani zima la chini hupauka, na fito hutoka fupi na nyembamba. Rasiberi iliyokomaa hutaka kilo 60 hadi 90 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Kwa shamba lako hiyo ni kilo 9 hadi 13 za CAN kwa mwaka mzima, na ni heri uzigawe mara tatu wakati udongo una unyevu kuliko kuzimwaga mara mbili. Hukunitajia kiasi unachoweka. Kama ni zaidi ya hapo, punguza, kwa sababu naitrojeni nyingi hutoa fito ndefu laini, kivuli kingi na matunda mepesi kupata ukungu wa kijivu katika baridi ya Julai.

Baridi hiyo hiyo inaweza kukuonyesha majani ya chini yenye rangi ya zambarau iliyokolea, ukadhani ni fosforasi. Udongo wetu mwekundu hushika fosforasi kwa nguvu, ni kweli, na shamba jipya lisilotiwa kitu huumia. Lakini mizizi iliyopoa hufanya kazi polepole, na zambarau ya Julai ikiondoka yenyewe Septemba, hukuhitaji kununua lolote. Manganizi hutoa umanjano kati ya mishipa kama chuma, ila haukolei vile na hupenda majani ya katikati. Zinki ikipungua majani hutoka madogo, membamba, yamesongamana kwenye ncha. Haya nimeyataja ili ukiyaona usije ukashtuka.

Nije kwenye matunda, ambayo nakiri ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi ya majani.

Rasiberi si tunda moja. Ni mkusanyiko wa vitunda vidogo, kama mia hivi, kila kimoja na mbegu yake, vimeshikamana kwa vinyweleo. Kila kitunda ni lazima sehemu yake ya kike, ile ndogo iliyo katikati ya ua, ipate chavua. Vikikosekana vichache, vilivyobaki havina cha kushikamana nacho na tunda linameguka mkononi. Kwa hiyo tunda linalomeguka linakwambia kwamba chavua haikufika au haikufanya kazi. Sababu kubwa ni tatu, na mbolea ni moja tu kati yake.

Sababu ya kwanza ni nyuki. Mvua ya mfululizo ya Aprili na Mei huwazuia kutoka, na dawa ya wadudu ikinyunyizwa mchana wakati maua yamefunguka huwaua. Kama matunda yalimeguka kwa wiki chache kisha yakawa mazuri, na yalimeguka shamba zima kwa pamoja, fikiria hali ya hewa na nyuki.

Ya pili ni boroni. Katherine Warington, mtafiti wa Rothamsted huko Uingereza, alionyesha mwaka 1923 kwa mimea ya jamii ya maharage kwamba bila boroni mmea haukamilishi maisha yake. Chavua ndiyo inayoihitaji sana: punje ya chavua ikitua hutoa mrija mwembamba unaoshuka hadi kwenye yai, na bila boroni mrija huo haukui sawasawa. Boroni huoshwa na mvua nyingi, na pH ikipanda nayo hupungua kupatikana. Kwa hiyo majivu yako yanaweza kuhusika hapa pia. Ishara nyingine ni macho ya ufito yasiyochipuka, ncha zinazokufa, na majani machanga yaliyopinda upande. Umeyaona hayo? Kama hujayaona, usiguse boraksi, ile chumvi yenye boroni. Kati ya boroni kidogo na boroni ya sumu pana nafasi ndogo mno kuliko kirutubisho kingine chochote, na ukizidisha huwezi kuirudisha. Kipimo kikionyesha upungufu, kiasi ni kama kilo moja ya boroni tupu kwa hekta. Kwa shamba lako lote ni gramu 40, sawa na gramu 350 za boraksi. Hiyo iyeyushwe kwenye maji mengi na inyunyizwe ardhini kila mahali kwa usawa, kamwe isirundikwe kwenye shina. Ukisikia mtu anakwambia kijiko kimoja cha boraksi kwa kila mche, usimsikilize. Kijiko cha gramu 10 kwa miche 300 ni kilo tatu, karibu mara tisa ya kiasi hicho.

Ya tatu ni virusi. Kuna kirusi cha rasiberi kinachosafiri ndani ya chavua yenyewe, kikibebwa na nyuki kutoka ua hadi ua, na alama yake kubwa ni tunda linalomeguka. Majani yanaweza kuonekana mazuri kabisa. Kukitofautisha na boroni fanya hivi: tembea safu zote siku ya kuchuma na ufunge kitambaa kwenye kila mche wenye matunda ya kumeguka. Rudia baada ya wiki mbili bila kuangalia vitambaa vya kwanza. Mimea ikiwa ni ile ile kila mara, imezungukwa na mizuri, na mbolea ni moja kwa wote, nitashuku kirusi. Hakina dawa. Mche huo hung'olewa pamoja na mizizi na machipukizi yake yote.

Kupima udongo na majani usikuahirishe, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mbolea ile uliyonyunyiza mara tatu. Pima udongo wa safu ya jikoni peke yake na wa safu nyingine peke yake. Ukichanganya utapata wastani usioelezea popote. Chukua vijiko vya udongo mahali 10 hadi 15 kwa kila sampuli, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki. Usitumie ya bati, zinki yake itaharibu majibu. Nusu kilo ya mchanganyiko inatosha. Maabara ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, iko Kabete, karibu nawe. Waombe pH, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na boroni.

Kwa upande wa majani, yachume 50 kutoka fito changa, yale machanga zaidi lakini yaliyokwisha kukunjuka kikamilifu, weka kwenye bahasha ya karatasi. Chukua sampuli mbili: ya mimea migonjwa na ya mimea mizima. Mara nyingi tofauti kati yake hufundisha kuliko jedwali lolote. Kwa kulinganisha, viwango vinavyotumika Oregon, Marekani, wanakolima rasiberi kwa wingi, ni potasiamu asilimia 1.3 hadi 2.0, magnesiamu asilimia 0.3 hadi 0.6, na boroni sehemu 30 hadi 70 kwa milioni. Nikiona potasiamu yako imepita 2 na magnesiamu iko chini ya 0.3, sitahitaji ushahidi zaidi. Namba ya chuma ipuuze safari hii. Umenyunyiza mara tatu, na maabara itapima dawa iliyoganda juu ya jani pamoja na kilichomo ndani. Kwa sababu hiyo hiyo, yachume majani ya sampuli kabla ya kunyunyiza chumvi ya Epsom, si baada yake.

Jambo la mwisho. Mimea ya mwaka wa pili hutoa machipukizi mengi, na najua Limuru yanauzika, majirani lazima wamekwisha kukuuliza. Naomba usimpe mtu wala usipandikize chipukizi hata moja mpaka umemaliza kufunga vitambaa mara mbili. Machipukizi ya mche uliopata kitambaa raundi zote mbili usiyauze kabisa, hata kama majani yake ni ya kijani kuliko yote shambani.